Viti Viwili Vyepesi na Mwavuli Mmoja

Kisii mjini,
Jumapili asubuhi.

Kwa kaka yangu Bosire,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Ruth na watoto, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta wazima huko Malindi, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Majani chai yamechipua vizuri, ndizi zipo za kula na za kuuza, na mimi kazi yangu ya kufundisha chekechea inaendelea. Mama yupo. Habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika.

Naandika kwa Kiswahili ili wifi naye asome, na naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunijibu kabla sijamaliza. Safari hii nisikilize hadi mwisho, kaka. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, na sijui kama nitalieleza jambo hili kwa mpangilio.

Unakumbuka Mama alipotuomba viti vya kukalia nje. Wewe ulifurahi, ukasema hatimaye mama yetu anataka kupumzika, ukanitumia picha za viti vya hoteli unayosimamia, vile vya kusukwa vyenye mito minene, na mwavuli mkubwa kama paa la kibanda. Mimi nikaingia madukani na picha zako mkononi. Kaka, sikujua kukaa nje kuna mambo mengi hivyo. Muuzaji mmoja aliniambia plastiki hupasuka kwa jua. Wa pili akasema chuma kitaota kutu kwa mvua zetu hizi za kila alasiri. Wa tatu, fundi wa mbao, akaapa kwamba asiyenunua mbao anatupa pesa. Kuhusu kivuli, huyu anasifu neti, yule turubai, mwingine mwavuli. Nilitoka pale kichwa kikiniuma, nikaamua kufuata picha zako tu.

Mama alikuwa amenieleza alichotaka, na hilo ndilo lililonivuruga zaidi. Alisema viti viwe viwili, vikunjike, na viwe vyepesi kiasi cha yeye kuvibeba peke yake. Na kivuli kiwe cha kuhamishika, kisichohitaji shimo hata moja. Nilimuuliza kwa nini avibebe wakati ana uani mpana wenye nyasi nzuri. Akasema nimletee alivyosema. Nilidhani anaona haya kutugharimu.

Basi pikapu ikafika nyumbani Nyaramba na viti vinne vizito na mwavuli wenye kitako cha zege. Mama alishukuru, akaomba, akavifunika kwa karatasi ya nailoni. Nilipokwenda tena nilikuta mito imelowa na kuota ukungu, kuku ametaga kwenye kiti kimoja, na upepo umeung'oa mwavuli na kuutupa katikati ya chai ya jirani. Mama alikuwa ameketi jikoni. Nilipomuuliza mbona hakai nje, alijibu kwamba hukaa nje kila siku ya Sabato baada ya ibada, na kwamba hubeba kigoda cha jikoni.

Kubeba kigoda kwenda wapi, hakusema. Jirani ndiye aliyeniambia amemwona akishuka nacho kwenye njia ya mto, amejifunga kitambaa kizuri cha kichwa. Kaka, hapo niliogopa. Niliwaza kwamba akili inaanza kumtoka, kama ilivyomtokea nyanya. Nikampeleka kituo cha afya bila kumwambia sababu. Daktari alimuuliza mwaka, mwezi, majina ya watoto wake, na yeye akajibu yote sawasawa, kisha akamuuliza daktari kama anajua duka lenye viti vyepesi. Daktari akacheka. Mimi sikucheka.

Siku hiyohiyo Mama aliniambia nimpeleke madukani akachague mwenyewe. Laiti ungemwona! Hakuuliza rangi wala mapambo. Aliinua kila kiti kwa mkono mmoja, akatembea nacho kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi. Alikikunja, akakikunjua, akakaa, kisha akasimama bila kushika kitu. Kilichomlazimu kujisukuma alikikataa. Mwishowe alichagua viwili vya kitambaa kigumu na mabomba membamba, kila kimoja na mfuko wake wa kuning'iniza begani. Kwa kivuli alichukua mwavuli mmoja mdogo wenye kibanio cha kushika mkono wa kiti. Nilimwambia viti viwili vinataka miavuli miwili. Akasema mmoja unatosha.

Jana, siku ya Sabato, nilisali naye kanisani. Baada ya chakula alivaa kile kitambaa, akanipa kiti kimoja nibebe, naye akabeba cha pili na mwavuli. Tukashuka mpaka chai yetu inapoishia, tukavuka mpaka wa shamba, tukafika kwenye nyasi zilizo kando ya njia, mahali ambapo watu wote watokao kanisani hupita. Hapo alikuwa amesimama mzee mmoja mrefu, ameshika kofia. Unamjua kwa sura. Ni Mzee Ogweno, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, yule Mjaluo aliyenunua shamba ng'ambo ya njia na kumzika mkewe hapo. Alinisalimu kwa heshima, akakunjua viti, akabana mwavuli katikati ili kivuli kiwafikie wote wawili. Kisha wakakaa, mimi nikakaa kwenye nyasi.

Yeye hajui Kikisii cha kutosha, na Mama hajui Kijaluo, kwa hiyo wanazungumza Kiswahili, kile cha Mama cha kuungaunga unachokijua. Walizungumzia somo la Sabato, bei ya majani, magoti yao. Mzee alisema neno fulani kuhusu mhubiri, na Mama akacheka mpaka akashika kifua. Kaka, sijawahi kumsikia Mama akicheka kwa Kiswahili. Watu walipita, wakasalimia, wengine wakageuka kutazama mara ya pili. Mama aliwaitikia wote kwa majina yao.

Mzee alipokwenda kumwangalia ng'ombe wake, nilimuuliza Mama hii ni nini. Hakukwepa.

"Huyu ni rafiki yangu," alisema. "Simtaki awe mume. Mume nilikuwa naye, na nitazikwa kando yake. Lakini jioni ni ndefu, mwanangu, na nyinyi mko mbali."

Nikamuuliza basi kwa nini wasikae nyumbani kwetu kwenye uwanja, tukajenga hata kile kibanda cha kivuli ulichotaka kumtuma fundi aje akijenge kabla ya Desemba.

"Boma lile ni la baba yenu," akasema. "Sitachimba shimo ndani yake kwa ajili ya kivuli cha mtu mwingine. Kiti, hicho ninaweza kukibeba."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu kukasirika, kisha nikataka kulia, na hadi sasa sijui ni kipi kati ya hivyo ndicho changu. Namkumbuka Tata, baba yetu. Nawaza wazee wa ukoo watakavyosema, nawaza wewe utakavyosema, halafu nasikia kile kicheko.

Mvua ikatukuta hapohapo, ile yetu ya ghafla yenye mawe. Nyumba ya Mzee Ogweno iko karibu kabisa, na alitoka mlangoni akituita tujikinge. Mama alikunja viti taratibu, akamwonyesha mkono kwamba hapana. Tulipanda kilima kizima tukipigwa na mvua, kitambaa chake kimemganda kichwani, na nilipomuuliza kwa sauti kali kwa nini tusiingie hata kwa dakika chache, alinijibu bila kusimama:

"Bosire hajasema."

Usiku kucha alikohoa. Asubuhi nilimpa dawa, nikamwacha na mke wa jirani, nikaja mjini kuandika haya kabla moyo haujanigeuka. Hakuniomba nikushawishi. Aliniomba nikueleze tu, kwa kuwa wewe ni mtoto wake wa kwanza, na hataki usikie sokoni utakapokuja Desemba.

Zungumza na wifi, kaka, kisha uamue kama Mama anaweza kuingia mlango ule. Usinijibu mimi, mpigie yeye. Huku mvua inanyesha kila siku.

Wabusu watoto, na umwambie wifi tunamwombea. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Nyanchoka