Karatasi Ndani ya Kiondo

Mwaitu mpendwa,

Mama, kile kiondo kidogo ulichomsukia mjukuu bado kinaning'inia msumarini, hapa nyumbani Kathiani. Ulikisuka mwaka niliomwoa Mwende, maana kwa desturi yetu binti wetu wa kwanza angechukua jina lako, Kalondu.

Miaka sita ikapita bila mtoto. Unakumbuka mizizi uliyokuwa ukimchemshia Mwende? Aliinywa sufuria kwa sufuria, macho ameyafumba, nami nikimtazama. "Huyu wa Matuu hatanipatia jina," ulisema siku moja, naye yuko palepale akichambua maharagwe. Nilinyamaza.

Kabla hujafariki nilienda kupimwa Machakos kwa siri. Daktari alisema wamehesabu DNA ya mitokondria, vile vidude ndani ya mbegu za kiume vinavyozipa nguvu. Yangu ilizidi kiasi, na ikizidi hivyo mara nyingi huwa mbegu hazikukomaa vizuri. "Hii ni dalili tu, si hukumu," akaniambia. "Tutapima zaidi. Lakini bibi yako aache hizo dawa." Akaongeza kwamba DNA hiyo kila mtu huipata kwa mama yake.

Karatasi niliificha ndani ya kiondo chako, kwa kuwa hakuna ambaye angethubutu kukigusa. Nilijiambia nakulinda wewe, usije ukadhani kosa ni lako. Uongo mtupu. Nililinda jina langu. Mficha uchi hazai, ulipenda kumwambia Mwende. Kumbe mfichaji nilikuwa mimi.

Leo wazee wa ukoo wamekuja kunitafutia mke wa pili, kama ulivyowaagiza. Mwende ndiye anayewapikia chai. Alipoingia kuchukua vikombe nilimpa ile karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Ulijua lini?"

"Kabla Mama hajatuacha."

Nilitamani anitukane. Alivipanga vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja.

"Basi utawaambia wewe," alisema. "Mimi nitawapea chai, halafu nitaona kama leo nalala hapa ama kwetu Matuu."

Nakupenda, mwaitu, na nimekukasirikia, lakini hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe. Nawasikia wakivuta viti. Sijui kama Mwende atabaki, ila nikishamaliza kusema, hakuna atakayemuuliza yeye tena mtoto yuko wapi.

Lala salama. Chai imeiva, wananiita.

Mwanao aliyenyamaza,
Mutua