Nage ya Likizo ya Baridi

Ibra, 19 Januari 1979

Kwa ndugu yangu Marhoun,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Musabbah. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inayotusumbua, na roho zetu ziko huko Nizwa kwa mgonjwa. Vipi mkeo Sabah? Anakula? Homa imeshuka? Usinifiche kitu.

Wanao wamefika salama Jumatano na gari ya Nadhir, yule dereva anayetuchukulia barua. Khalaf alitapika njiani, na Nadhir kaiosha gari mwenyewe wala hakusema neno. Nimewapa chumba cha upande wa jua. Hilo la kuwa mama yao amekwenda Sur kumuuguza shangazi yake nimelisikia kwa Humoud kabla sijaisoma barua yako, maana ndilo neno la mwanzo aliloniambia aliposhuka. Nimeitikia. Lakini uongo huo sijaupenda, ndugu yangu.

Sasa sikiliza hali yao. Walipokuja hawakutaka kutoka chini ya blanketi. Shule imefungwa, nje upepo unakata, nao watatu wamejikunyata ukutani kama kuku walionyeshewa. Khalaf na udogo wake wote hakimbii. Nikimwita kula anakuja anajikokota kama mzee. Humoud anauma kucha mpaka zinatoka damu. Kaltham ananiosha vyombo bila ya kuambiwa, anakunja nguo za wadogo zake, anapanga viatu mlangoni. Mtoto wa miaka kumi na moja akiwa mwema namna hiyo, mimi huingiwa na hofu.

Basi jana nimechukua soksi kuukuu za Musabbah, nikazijaza pamba ya mto, nikashona mpira. Nikawatoa uani kwa nguvu, nikawafundisha nage kama tulivyokuwa tukicheza sisi Unguja: mmoja huku, mmoja kule, wanarusha, na aliye kati anaukwepa. Hawaijui kabisa, Marhoun. Wamekulia huku Uarabuni, na mpira wanaoujua ni wa kupiga teke. Mara ya kwanza ulimpata Khalaf tumboni, akakaa kitako, akatutazama, sote tukawa tunangoja alie. Akacheka. Tangu waje nilikuwa sijamsikia akicheka. Jioni walikula mpaka sufuria ikabaki tupu.

Kaltham hakucheza. Alikaa kizingitini anatutazama. Nimemwacha.

Mpe Sabah salamu zangu. Mwambie wanawe wamevaa sweta.

Dada yako,
Mahfoudha


Nizwa, 23 Januari 1979

Dada yangu Mahfoudha,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nakuombea wewe na shemeji afya, na mama mkwe wako vilevile.

Umesema nisikufiche. Mapafu yote mawili yameshikwa. Daktari anasema dawa zipo na watu wanapona kwazo, lakini mgonjwa wetu amechelewa kuzianza. Unamjua Sabah, miezi yote ile alikuwa akikohoa chooni ili sisi tusimsikie. Sasa amekonda, mkono wake nauzungusha kwa vidole viwili. Chakula anakiangalia tu. Mimi naruhusiwa kuingia, nakaa mbali na kitanda, nimefunga kitambaa puani. Watoto hawaruhusiwi hata mlangoni, na yeye mwenyewe amesema hataki wamwone alivyo.

Kwa hiyo nakushukuru kwa hiyo nage. Wachezeshe, dada. Wakimbize asubuhi, wakimbize jioni, mpaka wachoke. Mtoto aliyechoka hana nafasi ya kufikiri. Na kama yupo anayekohoa, hata kidogo, niletee habari siku hiyohiyo.

La Sur liwe hivyohivyo. Mama yao akipona, inshallah, tutawaambia amerudi, basi, imekwisha.

Kazini wamenizidishia, majenereta ya huku yote yameamua kuharibika msimu huu.

Nduguyo,
Marhoun


Ibra, 28 Januari 1979

Marhoun,

Salamu na mapenzi. Hakuna anayekohoa, hilo kwanza, utulie. Sote wazima wa mwili.

Wiki ilianza vizuri hata nikajisahau. Watoto wa majirani walisikia kelele za wanao wakaja kuchungulia, kisha wakaingia. Ua ukajaa. Nikawatolea kamba wakaruka, nikawafundisha kujificha na kutafutana, yule anayetafuta anaita "kibe" na wao wanajibu "bado", na vitoto vya Kiarabu visivyojua neno la Kiswahili vikawa vinaitikia "bado" kutoka nyuma ya mapipa. Humoud aliacha kuuma kucha. Hata mimi, na unene wangu huu, niliingia kati nikakwepa mpira. Mama mkwe alitoka akaniona nimejifunga nguo kiunoni. Akasema ni aibu, mwanamke mzima, na sauti imefika mpaka barabarani. Nikamwambia kweli, mama, na kesho yake nikafanya tena.

Kisha Alkhamisi akaja jirani yetu wa ng'ambo ya pili, akamshika mwanawe mkono, akamtoa. Kwa adabu, alinisalimia na aliuliza hali. Baada ya Adhuhuri wakaja wengine. Ijumaa hakuja mtoto hata mmoja. Habari ya ugonjwa imefika kutoka Nizwa, sijui kwa kinywa cha nani.

Humoud alikwenda kuwaita wenzake. Mmoja akamwambia kutoka ndani ya mlango: "Mama yako ana kifua kikuu, na nyinyi mnacho." Alirudi akaniuliza kifua kikuu ni kitu gani. Nikamwambia ni mafua makubwa. Kaltham alikuwa nyuma yangu.

Jioni alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Shangazi, mama yupo Sur?"

Nikamjibu, "Baba yako ndivyo alivyosema."

"Baba nimemsikia. Nakuuliza wewe."

Nilikuwa na mwiko mkononi, nikakoroga chungu ambacho hakikutaka kukorogwa. Akafahamu. Hakulia. Toka wakati huo chakula anakirudisha kama kilivyo, na wenzake wakicheza yeye anageukia ukuta.

Nataka kuwaleta Nizwa. Si kuingia ndani. Wafike tu, wajue mama yao yuko wapi. Musabbah hana neno. Nijibu upesi.

Dada yako,
Mahfoudha


Nizwa, 31 Januari 1979

Dada,

Salamu. Nimepata barua yako na sikulala.

Jawabu ni hapana. Hospitali hawataki, Sabah hataki, na mimi sitaki. Nilikukabidhi watoto uwachezeshe na uwalishe, sikukuomba uamue wajue nini. Ungeweza kumwambia "ndiyo, yupo Sur", ni neno moja. Sasa Kaltham hali, na unataka kumleta aje aone mifupa ya mama yake? Halafu likizo ikisha nani atakaa naye, wewe au mimi?

Wewe hujazaa, dada. Hujui mtoto anavyovunjika.

Wabaki huko mpaka shule ifunguliwe. Kesho nakwenda mji wa Adam kwa kazi, nitarudi Jumanne.

Marhoun


Nizwa, 7 Februari 1979

Dada yangu Mahfoudha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, wewe na wote walio nyumbani.

Wiki imepita hujanijibu. Nadhir ananiambia alipita Jumatatu kuchukua barua, akakuta mlango umefungwa na gari ya Musabbah haipo. Nimeingiwa na wasiwasi. Kuna mtu anaumwa? Ni Khalaf?

Kama ni kwa sababu ya lile neno nililokuandikia, haki yako. Niliandika kwa hasira, na karatasi nilimpa dereva kabla wino haujakauka. Ningelikuwa mbele yako nisingelithubutu kulisema. Nisamehe.

Jambo moja la kukufurahisha. Nimerudi jana nikamkuta Sabah amekunywa uji, bakuli zima. Muuguzi anasema tangu juzi anakula. Ameomba kitana. Nimemuuliza kuna nini, akatabasamu tu akageuza uso. Tulikuwa tumeshakata tamaa na chakula. Labda dawa zimeanza kushika.

Shule inafunguliwa Jumamosi. Mpe Nadhir watoto Ijumaa. Na wewe niandikie, hata mstari mmoja.

Nduguyo,
Marhoun


Ibra, 9 Februari 1979

Kwa Marhoun,

Salamu. Wanao hao wazima wote watatu, na barua hii nimempa Kaltham akutie mkononi.

Sikukujibu kwa sababu neno lako lilinichoma. Umepajua pa kunipiga. Miaka kumi na minane nimeolewa, na kila mtu wa mji huu amenipiga hapohapo, ila wewe ulikuwa hujawahi. Nimekusamehe, lakini bado linauma, usije ukadhani limekwisha.

Sasa nakwambia tulikuwa wapi Jumatatu. Tulikuwa Nizwa.

Nilijua wewe upo Adam, na ndiyo maana nikachagua siku hiyo. Kaltham alikuwa hajala kitu cha maana, midomo imempasuka. Musabbah alimtazama asubuhi, akaweka kikombe chini, akasema, "Wavishe." Nilidhani mama mkwe atatuzuia mlangoni. Alivua shali yake akamfunga Khalaf kichwa na masikio, akarudi ndani. Njiani niliwaambia wote ukweli: mama hayupo Sur, yupo hospitali, anaumwa kifua, na ndani hatutaingia.

Wodi ya kifua ipo peke yake nyuma, na mbele yake pana uwanja wa mchanga. Muuguzi alitoka kutuambia watoto hawaruhusiwi. Nikamwambia hatuingii, tunataka kucheza tu, uwanja si wodi. Alinitazama kama mwendawazimu. Kisha akauliza jina la mgonjwa, akaenda zake.

Basi tukacheza, ndugu yangu. Mimi upande huu, Humoud upande ule, Khalaf kati. Kaltham alikataa kushuka garini. Baridi, upepo unatutia mchanga machoni, na mimi natupa mpira naona haya, maana madirishani zimetokea nyuso za wanawake nisiowajua. Nikawa nafikiri, Mahfoudha, umefanya nini.

Dirisha la mwisho likafunguliwa. Muuguzi alikuwa amemshika begani. Sikumjua, Marhoun, nakwambia kweli, nilimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa. Watoto hawakuwa wamemwona bado. Khalaf alikuwa anaruka huku na huku, anajisifu kuwa hapigiki, na Humoud akasogea mbele ya mstari ili ampate kwa karibu.

Sabah akasema kutoka dirishani, "Humoud, rudi nyuma. Unaiba."

Sauti ndogo, ya kukwaruza. Mtoto akasimama na mpira mkononi. Khalaf akapiga kelele "mama" akaanza kukimbia, nami nikamdaka kiunoni. Nilidhani hapo ndipo tutakapovunjika sote. Lakini Sabah akanyoosha mkono akamwonesha arudi kati, akasema, "Cheza nikuone."

Akarudi kati. Akacheza huku analia, kamasi zinamtoka, na mpira haukumpata.

Ndipo mlango wa gari ukafunguka. Kaltham alikuja moja kwa moja, akamtoa mdogo wake, akaingia yeye. Sikuwahi kumwona akicheza, sikujua kama alikuwa akijifunza kule kwa kutazama. Tulimrushia mimi na Humoud mpaka mkono ukaniuma. Aliinama, aliruka, aligeuka, buibui dogo likamdondoka na hakuliokota, na muda wote hakutazama dirishani hata mara moja. Kule madirishani wanawake wakaanza kumpigia makofi. Sabah hakupiga makofi, mikono yake ilikuwa imeshika nondo za dirisha. Ila alikuwa anacheka.

Muuguzi alipomrudisha kitandani tuliondoka. Pale Izki, njiani kurudi, Kaltham akasema ana njaa.

Kwa hiyo ule uji si dawa. Nigombe unavyotaka.

Dada yako,
Mahfoudha


Nizwa, 6 Machi 1979

Dada yangu Mahfoudha,

Shikamoo dada, na shikamoo kwa mama mkwe wako. Nashukuru kwa siku mlizokaa nasi kwenye msiba wa Sabah, wewe na shemeji. Nilikuwa sina akili ya kuzungumza mkiwa hapa, ndiyo maana naandika.

Sikukugombeza wala sitokugombeza. Kaltham aliponipa barua yako niliisoma nimesimama, nikaingia wodini nimejaa hasira, nikamwambia Sabah najua. Akanijibu, "Basi kesho walete hapo. Na wewe ucheze." Nikawapeleka. Kila alasiri nikitoka kazini niliwapeleka. Mwanzo niliona aibu, mafundi wenzangu wanapita barabarani wananiona natupa soksi. Baadaye sikuwaona tena. Alikuwa akisimama dirishani, halafu akawa akikaa kwenye kiti, halafu muuguzi akawa anasogeza kitanda. Siku mbili za mwisho dirisha lilikuwa wazi na yeye hatukumwona, lakini Kaltham alisema anatusikia, tukacheza kwa kelele.

Wewe uliona watoto wana haki ya kujua. Sijui bado kama ni kweli kwa wote. Khalaf ananiuliza kila jioni kama mama amerudi Sur. Lile neno nilimfundisha mimi, na kulitoa nimeshindwa. Kaltham anakula, anasoma, lakini nikimgusa bega anaruka. Humoud amerudia kucha.

Musabbah akiridhia, njoo ukae nasi mpaka joto liingie. Watoto wanakuulizia, na mimi nakuhitaji, nasema wazi.

Jana muuguzi alinitumia salamu. Anasema wanawake wa wodi wanauliza watoto wako wapi, mbona hawaji. Nilipotoka kazini nikawaambia watoto. Kaltham akasema haendi, sikumlazimisha. Nikaenda na wavulana.

Kitanda cha mwisho kina mwanamke mwengine, mdogo, labda hajafika miaka ishirini. Alikuja dirishani akashika nondo. Tulisimama tu pale, mpira ninao mimi, hakuna aliyejua aanze vipi. Yule mwanamke akainua mkono. Khalaf akamtazama muda mrefu, kisha akamwinulia wake, akaingia kati, akanigeukia.

Akasema, "Baba, rusha."

Nikarusha.

Nduguyo,
Marhoun