Nyuzi Nilizozikata

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mguu wako umepona na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeanza tena kula mezani, si jikoni nimesimama, kwa hiyo usihangaike.

Nakuandikia habari za Jumamosi. Marehemu wifi yako aliacha nguo saba za wateja kwenye kikapu, zimekwisha kushonwa, zinangoja wenyewe. Miezi mitatu nimekuwa nikikipita kikapu kile kama ninavyopita nyumba yenye mbwa mkali nikiwa kazini. Ijumaa jioni nikasema basi, kesho nizipeleke. Nikazipiga pasi. Ndani ya kila pindo nikakuta kipande cha uzi wa rangi kinaning'inia, kina fundo moja, mawili au matatu. Nikadhani ni mabaki ya kazi. Nikachukua mkasi nikazikata nyuzi zote, ili mwenzangu asionekane fundi mchafu.

Asubuhi nilianza kwa muuza mayai. Mita yake ya maji naijua kwa namba, lakini kiuno chake nitakijulia wapi? Nikakisia gauni la kijani. Akaingia chumbani kulijaribu, zipu ikapanda nusu ikagoma, haipandi, haishuki. Nikamsikia akisema kutoka ndani kwamba labda msiba ndio umemnenepesha. Nikabaki nimesimama katikati ya trei za mayai, mwanamume mzima, sijui nimwite nani. Ikabidi nimpigie simu shoga wa marehemu, yule msusi.

Alifika na kipande cha sabuni, akaipaka zipu, akamwopoa mama wa watu. Kisha akageuza pindo la gauni, akapapasa, akauliza uzi uko wapi. Nilipomweleza alishika mdomo. Kumbe kila mteja alikuwa na rangi yake na idadi yake ya mafundo. Nyekundu mafundo mawili ni mwalimu, njano moja ni muuguzi. Miaka kumi na mmoja nimelala ubavuni mwa mwanamke yule, dada, na sikujua kwamba ana maandishi yake. Msusi alikuwa akiyasoma.

Akafunga saluni siku yenye wateja wengi, tukazunguka pamoja, yeye akikisia kwa kukumbuka mabega ya watu. Kila nyumba niliumia kidogo. Mwalimu alisimulia jinsi marehemu na msusi walivyocheka siku moja mpaka wakakaa sakafuni. Muuguzi akauliza sasa ni nani atakayemwigizia wateja wabishi. Wifi yako, kuigiza watu! Mimi alinijibu kwa "mm", maana midomo ilikuwa imebana pini. Nilizipenda hizo "mm" zake. Nilijua ipi ni ndiyo na ipi ni hapana, nikajiona nimejaliwa. Jumamosi nikaona kwamba mimi nilikula makombo, karamu ilikuwa kwingine.

Nje ya kwa muuguzi mfuko ulinichoropoka, sketi ya watu ikaingia kwenye dimbwi. Msusi alicheka, akasema marehemu angetuita vipofu wawili. Nami nilichukia hata kicheko chake, kwa kuwa nilijua alicheka hivyo hivyo naye. Wivu juu ya marehemu ni ugonjwa wa ajabu. Huna wa kumgombeza.

Mchana tukarudi kwangu na gauni moja lililobaki, la bluu, ambalo msusi hakumkumbuka mwenyewe. Akalipima mabegani, kisha akalivaa juu ya nguo zake. Likamkaa sawasawa. Hakuwa amepeleka kitambaa wala kuomba kushonewa. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yangu akiwa amelivaa, akanitazama.

"Shemeji, niambie kweli. Siku ya mwisho hakunitaja?"

Dada, alimtaja. Siku ile hospitalini, saa tisa mchana, aliniambia, "Niitie shoga yangu. Nimechoka kuwa mtu mzima." Nikaenda hadi mwisho wa korido, simu mkononi, nikasimama dirishani nikitazama magari. Sikupiga. Nikarudi nikamwambia haipatikani. Nilitaka saa zile ziwe zangu peke yangu. Hakuomba tena, na jua halijazama akaondoka.

Nilimweleza msusi yote pale kwenye ngazi. Akataka niyarudie maneno yale kama yalivyosemwa, nikayarudia. Akalivua gauni, akalikunja taratibu.

"Ningekuja peku," akasema, akaenda zake. Tangu hapo simu zangu hapokei, na kila nikipita saluni ananipa mgongo. Sina neno la kumlaumu.

Pale msibani wewe uliwaambia watu kwamba sikumwacha wifi yako peke yake hata dakika moja. Naomba usiseme hivyo tena. Nilikuwepo, nimemshika mkono, naye alikuwa peke yake.

Nisalimie shemeji, na umwambie mpwa wangu mdogo kwamba barua yake yenye picha ya paka nimeibandika ukutani. Ukipata nafasi nijibu, hata kama ni kunikaripia.

Ni mimi mdogo wako,
Msoma Mita