Picha Niliyosema Ifutwe

Jumatatu, 4 Machi
Bosi na Mama Pacha wake! Mpiga picha wa miezi miwili tu hapa studioni, eti "ana jicho." Mimi miaka tisa nina nini — pua? Leo Bosi kaniita: kuanzia sasa nimkagulie picha kabla hazijachapwa. Nianze kwa kusifu, ndipo nirekebishe. Nisimvunje moyo. Wangu nani anauangalia?

Jumanne, 5 Machi
Nimekagua. Bwana harusi: fokasi imeangukia tai, macho yana ukungu. Nikamwambia alenge jicho lililo karibu na kamera. Nyingine, nguzo ya taa imemwota mteja kichwani. Asogee hatua moja tu, itatoka. Na asiwakate watu viganja. Yote anaandika kwenye kidaftari, "asante dada, asante dada," utadhani namgawia urithi. Ushauri mzuri, nimeutoa huku nimeuma meno.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Pacha kaniachia kwenye kompyuta picha za mteja mmoja, bibi mshonaji, akatoka kupokea simu. Nikafika ya nne. Kamweka bibi pembeni ya fremu, nafasi yote kaiacha upande anaotazama. Bibi anacheka na mtu tusiyemwona. Fokasi iko jichoni, kope unazihesabu. Miaka tisa sijapiga picha kama ile. Nikajirushia nakala kwenye simu, sijui kwa nini.

Wivu umenipanda hadi kooni — basi, nimeuandika. Kizuri chajiuza, na Bosi angekinunua palepale. Mama Pacha aliporudi nikamwambia fokasi imelegea, na nafasi yote hii tupu ya nini? Aifute, asije akaonekana hajui kazi. Hakubisha. Akafuta mbele yangu, akanishukuru.

Tangu nifike nyumbani nimeitazama mara nne.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika stoo, nimekalia boksi la karatasi. Bibi mshonaji kaja kuchukua picha zake. Kapewa tatu, kazisukuma kando. Anaitaka ile ya kucheka, aliyoonyeshwa kwenye kamera. Binti yake yuko mbali, ndiyo anataka kumpelekea. Mama Pacha kasema aliifuta, ilikuwa mbovu, kosa ni lake. Jina langu hakulitaja. Bosi akamwambia mbele ya mteja: anayefuta kazi ya watu hana nafasi hapa, akusanye vitu vyake.

Nilidhani ningefurahi.

Nikasema ngoja nikaangalie stoo, huenda kuna nakala. Kumbe simu ninayo mfukoni. Nikitoka nayo, Bosi atauliza niliipata wapi, lini, na kwa nini nilinyamaza. Nisipotoka nayo, Jumatatu studio ni yangu peke yangu, kama nilivyotamani.

Mama Pacha anagonga. Anasema, "Dada, usihangaike. Umenifundisha mengi. Njoo basi tuagane." Nimemwambia asiingie kwanza. Anauliza kama nalia. Kitasa kinazunguka na simu iko mkononi, picha imejaa kioo kizima —