Nilibandua Tangazo la Jaswant

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi. Naandika kwa Kiswahili cha kwetu Tanga maana mama mkwe hasomi ila Kigujarati, na mtoto amelala mapajani, basi uniwie radhi kwa mwandiko. Nafanya kazi ya udobi katika hospitali moja hapa Landani pamoja na Jaswant, kijana wa Kisumu aliyenifundisha mashine nilipofika na mimba ya miezi sita sijui hata pa kushika, na mwezi uliopita yeye na wenzake, wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, waliamua kuunda kikundi chao pale kazini ili mtu asitukanwe wala kufukuzwa kwa ajili hiyo, wakabandika ubaoni tangazo la mkutano na chini yake jina la Jaswant, kamili! Mjomba wake ndiye dereva wa gari la mashuka, kila Jumanne hupita mbele ya ubao ule, nami nimelelewa kwamba aibu ya mwenzio husitiriwa, basi nikalibandua nikalitia mfukoni mwa aproni. Mkutanoni wakaja watu wawili tu. Msimamizi wetu akacheka, "Kikundi gani hicho, cha watu watatu?" Sasa Jaswant anaamini msimamizi ndiye aliyelibandua, na Alhamisi atamshitaki kwenye chama cha wafanyakazi. Nikisema, nitampoteza. Nikinyamaza, ataonekana mwongo, na kikundi ndio basi. Nifanyeje?

Kalpana,
Woolwich, Machi 1979

Kalpana mwanangu,

Pole kwa uchovu, na moyo wako nauona. Lakini hukumsitiri Jaswant, ulimziba mdomo. Nani kakwambia jina lake ni aibu? Kaliandika mwenyewe, na hizo Jumanne anazijua kuliko wewe. Ungemwuliza tu, "Kaka, na mjomba je?" Ulishindwa? Na msimamizi, hata kama kicheko chake kibaya, kosa hili si lake.

Usingoje Alhamisi. Kesho, kabla mashine hazijawashwa, mwite pembeni, mpe tangazo lake mkononi, useme, "Ni mimi." Usianze na mjomba, wala usianze na machozi. Akikufokea, sikiliza. Akikununia wiki nzima, shika ncha yako ya shuka mkunje, kwani shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Alhamisi nenda chamani, hata na mtoto mgongoni, ukaseme kwa kinywa chako kwamba tangazo lilibandikwa kweli, ila wewe ndiye uliyelibandua, watu hawakujua, mkutano urudiwe.

Kisha mwulize kama unaweza kuhudhuria. Akikukatalia, usinung'unike. Mlango ni wao.

Bi Mardhiya