Picha ya Mwana wa Bibi Mdogo Haitoki

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumanne asubuhi

Mpendwa mjukuu wangu Kichwangumu,

U mzima? Unakula? Kile kikohozi kimekwisha au bado unakidharau? Sisi hatujambo, goti langu tu linanisumbua. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unammwagia dada yako maneno ya kompyuta mpaka anaitikia "sawa" bila kuelewa. Ataipiga picha barua hii akutumie leo. Uisome umekaa.

Bibi yako mdogo, mdogo wangu wa mwisho, anapasuliwa macho keshokutwa. Daktari hakumficha: huenda akaona, huenda asione tena. Anataka kitu kimoja tu, video ya harusi ya marehemu mwanawe. Kanda uliihamishia kwenye kompyuta wewe, na haifunguki ila kwa ile Linux yako, mfumo wa pili ulioupachika ndani ya Windows ya kompyuta. Nani alikutuma kujenga nyumba ndani ya nyumba, kisha ukasafiri?

Tangu Jumapili, kila tukiiwasha inaandika kwamba haipati skrini. Skrini si hiyo hapo, pana kama sinia! Dada yako kahangaika weee, kumbe kile kiprogramu cha upande wa Windows, kinachoichorea Linux picha, kilikuwa kimefungwa. Nilikifunga mimi. Nyumba hii kisichotumika huzimwa, iwe taa, iwe redio, na wewe unajua. Ungesema. Usinilaumu.

Jana dada yako alianza kwa kukifungua hicho, na dirisha likatokea. Tukapiga makofi. Sauti ikaja, kijana anacheka kile kicheko chake cha puani. Picha hakuna, weusi mtupu. Nikamwambia mdogo wangu, "Basi sikiliza, si ndiye huyo?"

Akanijibu, "Dada, sauti nitaisikia hata nikipofuka. Nataka uso."

Nikamwambia dada yako aanze upya.

Kwa hiyo pole zako kaa nazo. Andika polepole, kwa maneno ya watu, dada yako abonyeze nini kwanza na nini baadaye.

Msalimie mkeo na huyo mtoto wenu mnene. Dada yako anakusalimu, na mjomba wako fundi bomba pia. Mungu akulinde, akupe na akili ya kushika simu. Bibi yako mdogo ameketi mbele ya kompyuta tangu alfajiri, miwani ameshaifuta, chai hataki. Mimi natoka, naingia.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda ingawa leo ningekufinya.