Mzee Ndaki Mihayo na Pampu Yake Isiyo na Nguvu

Mwaka umetimia wiki hii, Baba Ritha, tangu ulipotutoka pale wodini, binti yako Ritha akiwa amekushika mkono na mkeo Vumilia akikunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa. Wanaoandika matangazo ya kumbukumbu huanza kwa maneno laini. Sisi tumeyatafuta tukayakosa. Tuna hasira, na wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwenye hasira aseme, asije akabamiza milango.

Tuanze na mema yako, maana ni mengi na hayana ubishi. Ulikuwa mtu wa asubuhi. Kabla jua halijafika kwenye mabati ya mtaa wetu wa Kambarage, Shinyanga, ulikuwa umeshasimama mbele ya trekta lako jekundu, lililomzidi Ritha umri, umechomoa kijiti cha kupimia oili, umekifuta kwa kitambaa, umekirudisha, umekichomoa tena. Hadi hapo hukuitikia shikamoo ya mtu yeyote. Watoto wa jirani walikusalimia mara tatu, nawe ukainua kidole kimoja wasubiri. Ukisharidhika ndipo ulipogeuka na uso wote, ukiongeza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Marahaba, wanangu! Mwangaluka!" Jirani yetu Jilala alikutania kwamba siku ya mwisho utamwacha malaika mlangoni anasubiri kuitikiwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ulilima mashamba ya watu kabla ya lako. Apolonia, mjane wa rafiki yako, ulimlimia kila msimu, na alipotaka kukushukuru ulijifanya husikii kwa sababu ya mlio wa injini, hata siku ambayo injini ilikuwa imezimwa.

Halafu kuna habari ya pampu. Ile ya zamani, iliyokuwa ikivuta dizeli kutoka kwenye tangi, ilichanika kiwambo, ule utando wa mpira ndani yake, na dizeli ikaanza kupenya na kushuka kwenye oili ya injini. Uligundua kwa kijiti kilekile. Ulimwita Ritha kutoka kwenye kibanda chake cha cherehani, ukampa kijiti anuse.

"Oili ikipungua, ogopa," ukamwambia. "Ikiongezeka, ogopa zaidi. Dizeli imeingia humo, na oili nyepesi hailindi chuma."

Kiwambo kipya hakikupatikana mjini kote, ukaamua kufunga pampu ya umeme. Dukani kwa Jashvant, muuza spea, ulikaa tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Kila pampu aliyokuletea uliuliza inasukuma kwa nguvu kiasi gani, na kila alipotaja nguvu kubwa uliirudisha kaunta.

"Mzee Ndaki, miaka thelathini nauza spea," Jashvant akasema. "Wateja wote wanataka yenye nguvu. Wewe peke yako unataka dhaifu."

"Sitaki dhaifu, ndugu yangu. Nataka yenye adabu. Kazi yake ni kuifikishia dizeli mlangoni pampu ya nozeli, ile inayoirushia injini, siyo kuvunja mlango."

Ukachagua ndogo, ya dizeli, ya volti kumi na mbili kama betri yako. Ukaijaribu palepale, Anjali, binti wa Jashvant, akishika chupa ya soda chini ya bomba na wewe ukitazama saa kuona itajaa baada ya muda gani. Jashvant alikuwa ameshaagiza chai akijua huendi popote.

Kuifunga kulikuchukua siku mbili, na Ritha alikuwa nawe siku zote mbili, cherehani imefunikwa. Tundu la pampu ya zamani uliliziba kwa bati nene na gasketi. Hii mpya uliifunga kwenye chesisi, chini ya usawa wa tangi ili dizeli iifuate yenyewe, mbali na ekzosi, ukaikalisha juu ya kipande cha tairi kuukuu isitikiswe sana. Kati ya tangi na pampu ukaweka chujio. Mshale wa pampu, unaoonyesha dizeli inakokwenda, ukauelekeza kwenye injini. Waya uliupitisha kwenye fyuzi na kwenye swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukizimwa pampu nayo inyamaze, hata kama bomba limepasuka. Jioni ulitandika gazeti chini ya trekta, na asubuhi mkalikagua pamoja. Halikuwa na tone hata moja.

Ukaugua figo. Na hapa, Baba Ritha, tunakukasirikia wewe mwenyewe, tusifiche. Mdogo wako Magesa, mwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, huko Geita, alikuja wodini na mfuko wa machungwa, akaomba trekta wiki mbili abebee mawe kupeleka kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Vumilia alikukonyeza. Ritha alikohoa. Wewe ukasema, "Mpeni." Hukuwahi kumwambia Magesa hapana tangu mkichunga ng'ombe pamoja, na hukutaka kuanza siku ile. Siku tisa baadaye tulikuzika. Wiki mbili za Magesa zikawa miezi tisa.

Kila tulipopiga simu alisema mawe bado yapo. Msimu wa mvua ulikuja ukapita, tukalima kwa jembe la mkono robo tu ya shamba. Mwezi Julai akampigia Ritha yeye mwenyewe, ana furaha.

"Mwambie shemeji trekta nimelitibu! Lilikuwa linakata pumzi kwenye mlima, nikang'oa kile kipampu cha marehemu nikaweka pampu kweli. Halafu oili haipungui, inaongezeka. Trekta linazaa!"

Ritha hakusikiliza hadi mwisho. Kesho yake alikuwa kwenye basi la Geita.

Alilikuta trekta nyuma ya nyumba ya Magesa, mtaani Kalangalala, likiwa na tela la mawe. Magesa alikuwa kibarazani na wachimbaji wake, akainuka kumpokea. Ritha akampita. Hakutoa shikamoo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijiti cha oili.

"Siku hizi Shinyanga salamu mmeacha?" Magesa akauliza, na wachimbaji wakacheka.

Oili ilikuwa imepita alama kwa vidole viwili, nyepesi kama chai, na harufu yake ni ileile uliyomnusisha. Ritha akainama chini ya chesisi. Pampu aliyoiona ilikuwa ya gari dogo la petroli, yenye kusukuma kwa nguvu mara kumi ya ile yako, imefungwa kwa waya wa uzio karibu kabisa na ekzosi. Chujio lilikuwa limejaa vumbi la mawe, halijaoshwa tangu trekta lifike. Hilo ndilo lililokuwa likilikata pumzi, Baba Ritha. Chujio! Kazi ya dakika kumi na dizeli kidogo ya kusuuzia.

"Baba mdogo, pampu hii inasukuma dizeli mpaka inapita kwenye sili za pampu ya nozeli na kuingia kwenye oili. Unaiua injini."

"Mwanangu, mimi nimekausha duara la mita sitini," Magesa akasema. "Pampu ikishindwa na maji, unaleta kubwa. Hiyo nayo ikishindwa, unaleta kubwa zaidi. Pampu ni nguvu. Leo mshona sketi ndiye wa kunifundisha?"

Ritha alichukua spana kwenye sanduku la Magesa mwenyewe, akafungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, mbele ya wote. Ndoo ilijaa kabla Magesa hajashuka kibarazani. Wachimbaji wakaiinamia.

"Bosi," mchimbaji mmoja akasema taratibu, "hiyo siyo oili."

Pampu yako Ritha aliikuta ndani ya kopo la misumari. Aliifuta kwa kanga yake, akaishika kifuani, ndipo akamgeukia baba yake mdogo.

"Shikamoo," akasema, na hakusubiri kuitikiwa.

Trekta lilirudi nyumbani juu ya lori la fuso. Fundi Eliya alibadilisha sili na beringi, oili ikamwagwa mara mbili, na pampu yako akaifunga Ritha kwa mkono wake, mshale ukielekea kwenye injini. Linawaka. Lakini asubuhi likiwa baridi linagonga, mlio ambao wewe hukuwahi kuusikia, na kila likigonga Ritha anakunja ngumi. Fundi anasema huenda msimu huu litaumaliza, na zaidi ya hapo hataki kuahidi. Hasira ya Ritha haijapungua hata kidogo, wala hatumwambii aipunguze.

Jumapili iliyopita Magesa alikuja. Hatukusikia neno la kuomba radhi. Alikuja na machungwa.

"Shemeji, wiki mbili tu," akasema. "Marehemu hakuwahi kuninyima."

Vumilia, ambaye kwa miaka thelathini na minne aliwapikia ndugu zako wote bila kuuliza wanaondoka lini, aliweka mwiko chini.

"Ni kweli hakukunyima, ndiyo maana linagonga. Mimi nakunyima. Hapana. Halafu hapana." Akainua vidole viwili. "Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya Baba Ritha, aliisahau wodini."

Magesa akalitazama trekta. Kisha akauliza kama angalau jina lake litakuwepo kwenye tangazo hili. Ritha alikuwa ameliruka jina hilo. Vumilia akachukua kalamu.

Unakumbukwa na mkeo Vumilia, na binti yako Ritha, na wanao Charles na Wema, na wajukuu wako, ambao bado wanainua kidole kimoja wakisalimiwa, na Apolonia, anayesema sasa atakushukuru na huna injini ya kujifichia, na Jilala, na Jashvant pamoja na Anjali, na mdogo wako Magesa. Jina tumemwandikia, kwa kuwa ni damu yako. Ufunguo wa trekta umefungwa kwenye pindo la kanga ya Vumilia, na hautoki hapo.

Hatukusahau, Baba Ritha, wala hatujamaliza kukukasirikia. Lala. Leo asubuhi Ritha amechomoa kijiti kabla hajaitikia shikamoo ya mtu. Oili iko kwenye alama.